Nyumba ya Waya Tupu

Kituoni walimwita Bi Hapana, na hakuna aliyemwita hivyo kwa kumsifu. Alikuwa inspekta wa upelelezi, mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, aliyevaa viatu vya kamba hata siku za joto. Wenzake walioanza naye kazi walikuwa wameshampita kwa vyeo. Wao walijua kuitikia. Yeye lile neno lake moja lilikuwa halimtoki ulimini. Asubuhi hiyo alikuwa ameshalisema kabla hata chai yake haijapoa.

Mkuu wa kituo alimsukumia faili juu ya meza. "Hili limeiva. Mtuhumiwa afike mahakamani saa nane mchana."

Bi Hapana alilifungua akiwa amesimama. Kisa chenyewe kilieleweka upesi. Jumamosi alasiri wazazi wa shule moja ya msingi walipokea barua pepe isiyo na jina. Iliambatanishwa na ripoti ya mhandisi: jengo jipya la madarasa limepasuka msingi na ukuta, na watoto wasiingie humo mpaka likarabatiwe. Mkandarasi aliyelijenga alikuja mbio polisi kulalamika kwamba ameibiwa waraka wa ofisi yake. Kampuni ya intaneti ikaulizwa, ikajibu kuwa barua ilitoka kwenye laini ya nyumba fulani, na mwenye laini hiyo akawa ni mhazili wa mkandarasi huyo huyo. Jana jioni akatiwa mbaroni.

"Laini yake, kompyuta yake, ofisi anayofanya kazi ndiyo iliyoibiwa," mkuu alisema. "Unataka nini tena, akuimbie?"

"Amekiri?"

"Amefunga mdomo. Mtu safi angepiga kelele."

"Hapana. Wachafu ndio wanaonipigia kelele mimi kila siku. Nani alimkamata?"

Koplo aliyesimama mlangoni alikakamaa. "Mimi, afande. Hakuleta ubishi. Nilimwuliza swali moja tu, barua hii imetoka wapi. Akashtuka, akasema, 'Imetoka kwa wifi.' Basi. Tangu hapo ni kama nimefunga jiwe mahabusu." Akashindwa kuzuia tabasamu. "Mhazili mzima, afande, hajui kusema waifai. Anasema wifi, kama mtoto anayejifunza kusoma."

Mkuu alicheka, koplo akacheka zaidi. Bi Hapana hakucheka, lakini tuseme ukweli, hata yeye hakuona kitu pale. Neno lilimpita hivi hivi, likaingia sikio la kulia likatokea la kushoto.

"Ulichukua nini nyumbani kwake?"

"Boksi la kompyuta ya sebuleni. Lipo stoo ya vielelezo."

"Na monita yake?"

"Haikuwepo. Nadhani waliificha."

"Waliificha monita, wakakuachia boksi lenye kila kitu ndani?"

Koplo aliviangalia viatu vyake. Mkuu aligonga meza. "Inspekta, mkandarasi anakuja mwenyewe kutia saini malalamiko. Yule bwana ana watu wake huko juu. Na mimi hapa nina barua yako ya uhamisho ambayo sijaitia saini. Usinifanye nitafute kalamu."

"Kalamu iko mfuko wa shati," Bi Hapana alisema, akalikwapua faili. "Mimi naenda kuiona hiyo nyumba."

"Nimesema limeiva!"

"Hapana," alisema, akatoka.

*

Aliyemfungulia mlango alikuwa mwanamke mwenye chaki kwenye ukingo wa mkono wa gauni. Hakumkaribisha. Alishika fremu ya mlango kwa mikono miwili, mtu akitaka kupita ampite juu.

"Leo mmekuja kuchukua nini? Jiko?"

"Nimekuja kutazama."

"Jana mlitazama, mkaondoka na mke wa kaka yangu pamoja na kompyuta. Kaka ni fundi umeme, yuko safari ya kazi mahali simu haishiki. Akirudi akute nyumba haina mke wala intaneti, mtamweleza wenyewe."

"Wewe ulikuwepo alipokamatwa?"

"Nilikuwa bado kazini. Nafundisha. Kufundisha si kosa, au limeshakuwa kosa tangu jana?"

Hakusema anafundisha wapi, na Bi Hapana hakumwuliza. Alikuwa na desturi ya kuliacha swali jema lilale kwanza. Alisubiri tu mpaka mikono ile ikashuka kwenye fremu, akaingia.

Sebule ilikuwa safi, ya watu wanaopenda mpangilio. Kilichomvuta macho ni waya. Ulikuwa wa buluu, umepigiliwa pembeni mwa ukuta kwa vishikizo vidogo, umekunja kona kwa adabu, haukulegea popote. Mwenye nyumba hii ni fundi kwelikweli, aliwaza. Kwenye meza ya pembeni, mahali boksi lilipokuwa limekaa, palikuwa na alama ya vumbi ya pande nne. Modemu ilikuwa bado inapepesa taa zake, na waya wake mfupi ulining'inia bila kushika kitu. Waya mwingine uliopaswa kuingia kwenye boksi ulitoka kwenye kisanduku kidogo, swichi, na kutoka hapo nyaya mbili zilikwenda zake, moja ikipenya ukutani kuelekea nyuma, nyingine ikitoka dirishani.

"Nieleze hii kama unavyomweleza mwanafunzi wako mgumu," Bi Hapana alisema.

Mwalimu alimtazama kuona kama anadhihakiwa. Akaona hapana. "Laini ni moja. Inaingia kwenye modemu, modemu inaingia kwenye kompyuta ya wi... ya mke wa kaka, halafu ile kompyuta inatugawia sisi wengine kwa waya. Yake ndiyo pampu, zetu ni mabomba."

"Pampu ikizimwa?"

"Wote tunakauka. Kwa hiyo inawashwa asubuhi, inazimwa tukienda kulala, mtu awe amekaa mbele yake au asiwe."

Bi Hapana aliitikia kwa kichwa taratibu. Hilo la kwanza. Kompyuta kuwaka Jumamosi alasiri hakukuwa na maana kwamba kuna mtu aliyeigusa. Na kampuni ya intaneti, huko iliko, iliona mlango mmoja tu wa nyumba. Nani katoka chumba gani, haikuwa na jicho la kuona. Faili lililoiva la mkuu lilianza kunuka ubichi.

"Huu wa ukutani unakwenda wapi?"

"Chumbani kwangu. Nina kompyuta ya kutungia mitihani."

"Koplo aliiona?"

"Koplo alikuwa na haraka. Aliona ya mbele, akashiba."

"Na huu wa dirishani?"

Mwalimu alifunga mikono kifuani. "Huo muulize kinyozi."

*

Waya ulipita juu ya ua, ukaegemea mfereji wa mvua, ukaingia kwenye tundu la banda la kinyozi lililopakana na nyumba. Kinyozi, bwana mmoja mwenye tumbo la furaha, alikuwa na mteja kitini amefungwa kitambaa mpaka shingoni. Alipoona kitambulisho cha polisi alizima mashine.

"Afande, kichwa chako sikigusi, kiko sawa tayari."

"Sijaja kunyoa."

"Afadhali, maana hata picha za mitindo sina za kukuonyesha. Intaneti imekata roho tangu jana, watu wenu walipobeba lile boksi. Wateja wanakaa hapa wananitazama mimi, na mimi si mtindo."

Bi Hapana alikuwa ameshaangalia kwingine. Kwenye rafu, kati ya poda na spiriti, ilisimama monita kubwa, mpya kuliko kitu chochote kingine bandani. Aliigeuza. Nyuma yake palikuwa na jina la mhazili, limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito.

"Hii imefikaje hapa?"

Kinyozi aliipanga upya poda rafuni. "Kuazimwa, afande. Yangu iliungua wiki ya juzi. Yule mama wa watu alisema, chukua hii, mimi siku hizi kazi namalizia ofisini. Kompyuta yake akaiacha inawaka tu bila uso, ili itugawie."

"Jumamosi ilikuwa hapa?"

"Ilikuwepo!" Aliyejibu alikuwa mteja, kutoka ndani ya kitambaa. "Mimi mwenyewe Jumamosi nilichagua mtindo kwenye hiyo hiyo. Nikanyolewa mwingine kabisa. Ndiyo maana nimerudi."

"Hilo ni umbo la kichwa chako, usinisingizie," kinyozi alimjibu.

Bi Hapana aliwaacha wagombane kidogo. Hilo la pili, nalo lilikuwa zito. Hakuna aliyeandika barua kwenye kompyuta isiyo na uso. Mhazili, kwa kompyuta ile mkuu aliyokuwa akiitikisia kidole, asingeweza kuandika hata salamu.

Halafu akamgeukia kinyozi. "Basi monita unayo wewe. Waya unao wewe. Kompyuta unayo. Unajua ninachofikiri?"

Kinyozi alikijua, na jasho lilimtoka papo hapo. "Mimi? Afande, mimi mwanangu hasomi shule ile, mkandarasi simjui, Jumamosi palikuwa na foleni mpaka barabarani! Na kwanza, kwa kibodi hii?"

Aliivuta kibodi kutoka chini ya rafu. Ilikuwa imejaa nywele za vichwa vya mtaa mzima. Bi Hapana alitoa nakala ya barua mfukoni. Mwanzo wake ulisema: Wazazi wapendwa, kabla hamjawaleta watoto darasani, someni ripoti hii mpaka mwisho.

"Niandikie neno la kwanza."

Kinyozi alipangusa kidole, akaandika kwa unyenyekevu mkubwa. Kwenye monita likatokea: Wzzi.

"Herufi A ilikufa zamani," alisema. "Mimi nabonyeza picha kwa mausi, sina cha kuandika."

Bi Hapana alibonyeza A yeye mwenyewe, kwa kidole gumba, kwa hasira, mara kadhaa. Kitu hakikutoka. Akacheka, kicheko chake cha kwanza siku hiyo. Barua ile, kila neno lake lilikuwa limejaa A. Mtu anayetaka kuandika Kiswahili bila herufi hiyo, bora apige tu filimbi.

"Haya, umepona," alisema. "Sasa niambie, waifai yao inafika mpaka wapi? Barabarani mtu anaweza kuikamata?"

"Waifai ipi?"

"Ya nyumba ile."

Sasa ilikuwa zamu ya kinyozi kucheka. "Afande, nyumba ile haina waifai. Haijawahi kuwa nayo. Yule fundi haamini kitu kisichoshikika. Nilimwambia, ndugu yangu, nunua kale kadude kenye antena, tusivutane na mawaya juu ya ua. Akaniambia, umeme wa kuruka hewani aachiwe radi. Kule ni waya tupu, hata simu hazipati intaneti ya mle ndani."

Bi Hapana alisimama na ile barua mkononi, na ndani ya kichwa chake sauti ya koplo ilirudi na kicheko chake chote. Imetoka kwa wifi. Kama mtoto anayejifunza kusoma.

Mtu anayeishi kwenye nyumba ya waya tupu, anayekanyaga waya kila akienda kuoga, anaulizwa ghafla barua imetoka wapi. Hawezi kutaja kitu ambacho hajawahi kuwa nacho. Na mhazili hakukosea kutamka. Alitamka sawasawa kabisa, kama mwanamke yeyote anavyotamka.

Wanaume wawili walilisikia neno lile wakalielewa wanavyojua wao. Mwanamume hana wifi. Anaye shemeji, anao mashemeji, lakini wifi hana na hatakuwa naye, neno hilo ni la wanawake peke yao, la mke wa kaka na dada wa mume. Bi Hapana mwenyewe alikuwa na mawifi, mmoja wao haongei naye tangu harusi. Alijionea aibu kuwa neno hilo limepita mbele yake ofisini naye asilisimamishe.

"Afande, umepata nini?" kinyozi aliuliza.

"Nimepata masikio," alisema, akarudi alikotoka.

*

Mwalimu hakuwa sebuleni. Alikuwa chumba cha nyuma, ameketi ukingoni mwa kitanda, mkoba umeshafungwa na viatu viko miguuni. Kompyuta yake ilikuwa imezimwa. Pembeni palikuwa na rundo la madaftari ya watoto wa darasa la kwanza.

"Wifi yako alisema ukweli tangu jana," Bi Hapana alisema mlangoni. "Bahati yako waliomsikia walikuwa wanaume."

Mwalimu hakushtuka. Aliinua kidevu tu. "Nimetuma mimi. Na ningekuwa na laini sasa hivi ningetuma tena."

"Unafundisha shule ile?"

"Nafundisha ndani ya jengo lile. Ukuta uliotajwa kwenye ripoti ndio ninaouegemea nikisahihisha haya." Alipiga rundo la madaftari kwa kiganja. "Kaka alipotugawia intaneti alitugawia na folda ya pamoja, ili mtu asihangaike na flashi. Nilikuwa natafuta mtihani wangu. Nikakuta ripoti, wifi aliwahi kuichapa hapa nyumbani zamani kidogo. Nikasoma jina la shule yangu. Nikasoma mpaka mwisho. Waliijua hii tangu muhula uliopita! Watoto wangu wanaimba mle ndani, wanaruka mle ndani, na watu walikuwa na karatasi inayosema wasiruke."

"Wifi yako alijua unatuma?"

"Sikumwambia. Angenizuia kwa ajili ya kazi yake, na mimi sikutaka kuzuiwa."

"Basi kwa nini yeye yuko mahabusu na wewe uko kitandani?"

Hapo ndipo sauti ya mwalimu ilipopasuka, si kwa woga, kwa hasira ya kuambiwa asilotaka kuambiwa. "Unadhani sikwenda? Asubuhi nilimpelekea nguo. Nikamwambia natoka hapa naingia kwa mkuu wako. Akanishika mkono kwenye nondo akanivuta mpaka nikaumia. Akasema, ukifungwa wewe, kesho nani atasimama kwenye mlango wa darasa? Maana kesho watoto wanarudishwa mle; tangu barua ile tunawafundishia uwanjani. Mkandarasi amewaandikia wazazi wote kuwa ripoti ile ni ya kughushi."

Bi Hapana aliacha kuegemea mlango. "Amewaandikia? Ameandika, au amesema?"

"Ameandika. Kila mzazi anao ujumbe kwenye simu. Na walimu tumetumiwa." Akaitoa simu yake.

Bi Hapana aliusoma ujumbe ule polepole. Mkandarasi alisema kwamba ripoti haikuwahi kuandikwa na mhandisi yeyote, haikuwahi kufika ofisini kwake, imetungwa na watu wenye chuki. Chini ameweka jina lake na cheo chake, kwa majivuno yote ya mtu asiyezoea kuulizwa.

"Beba simu hiyo," alisema.

"Unanikamata?"

"Sijui bado. Kuna bwana mmoja lazima kwanza achague uongo wake."

"Usinifumbie. Kama ni kunikamata, nikamate, lakini wifi atoke leo."

"Twende," Bi Hapana alisema. "Nimeshasema sijui, na mimi sipendi kusema sijui."

*

Mkandarasi alikuwa ameketi kwenye kiti cha wageni ofisini kwa mkuu, miguu ameinyoosha. Fomu ya malalamiko ilikuwa mbele yake, imejazwa, imebaki saini. Koplo alisimama kando na pedi ya wino, tayari kuigonga muhuri. Bi Hapana aliingia na mwalimu bila kubisha hodi.

"Huyu nani?" mkuu aliuliza.

"Aliyetuma barua. Si mhazili. Kompyuta ya mhazili haikuwa na monita Jumamosi; nina mashahidi wawili na kichwa kimoja kilichonyolewa vibaya. Mwalimu huyu alitumia kompyuta yake, kwa laini ile ile ya nyumba."

"Vizuri!" Mkandarasi alikunja miguu. "Basi wafungwe wote wawili, aliyeiba na aliyetuma."

"Ndilo nililokuja kuuliza. Umeibiwa nini, mzee?"

"Ripoti. Si nimeandika hapo? Ripoti ya ofisi yangu."

"Ya mhandisi wako?"

"Ya... ndiyo. Iliyokuwa kabatini kwangu."

"Hiyo hiyo inayosema jengo limepasuka?"

Mkandarasi alimtazama mkuu. Mkuu alianza kusema neno, Bi Hapana akamwahi. Aliichukua simu ya mwalimu, akausoma ujumbe wa mkandarasi kwa sauti, bila haraka, kuanzia wazazi wapendwa mpaka cheo cha mwandishi. Kisha akaiweka simu mezani, karibu na fomu.

"Hapa unasema ripoti haijawahi kuwepo. Hapa unasema umeibiwa. Kitu kisichokuwepo hakiibiwi, mzee. Kama imetungwa na wenye chuki, si mali yako, na hawa wanawake hawajakuibia hata pini. Kama ni mali yako, basi ni ya kweli, na ulijua, na bado umewaandikia wazazi wawarudishe watoto wao chini ya ukuta uliopasuka. Tia saini hapo, nami namfungulia shitaka mwalimu huyu sasa hivi, mbele yako. Fomu yako itasomwa mahakamani, na wazazi watakuwepo kusikiliza. Usipotia saini, hatuna mlalamikaji, na yule mama anakwenda kwake."

Kalamu ilikuwa mkononi mwa mkandarasi. Aliishusha mpaka ikagusa karatasi, nukta ya wino ikabaki pale, halafu akaiinua.

"Mkuu," alisema, "huyu mtu wako ana kiburi."

"Inspekta, toka nje," mkuu alisema.

"Hapana."

"Nimekuamuru!"

"Na mimi nimesema hapana. Itie saini ile barua ya uhamisho, nipelekwe popote unapopajua. Lakini leo hii mimi ni inspekta wa kesi hii, na namsubiri huyu bwana achague."

Mwalimu alikuwa ameshika ukingo wa meza mpaka vidole vimekuwa vyeupe kwa chaki na kwa kubana. Mkandarasi alisimama, akaikunja fomu, akajaribu kuitia mfukoni. Koplo alimzuia mkono kwa adabu, akaitoa tena: karatasi ya kituo haitoki kituoni. Mkandarasi alitazama kila mmoja wao, akaahidi kwamba watamjua yeye ni nani, akatoka akiacha mlango wazi.

Mkuu alikuwa amegeuka rangi. "Mtoeni yule mwanamke mahabusu," alisema hatimaye. "Aende zake. Kesi haipo."

Koplo alimleta. Mhazili alikuwa mwanamke mwembamba, kilemba kimelegea, viatu vyake kavishika mkononi. Alipomwona mwalimu alisimama hapo hapo.

"Wifi, nilikwambia nini mimi? Nilikwambia ukae!"

"Sikukaa."

"Husikii wewe! Hujawahi kusikia tangu nimeolewa nyumba ile!" Halafu wakakumbatiana, wakigombana bado, viatu vikianguka sakafuni.

"Mama, umeachiwa," mkuu alisema. "Nenda nyumbani. Mambo yameisha."

Mhazili alimwachia wifi yake. Alijifuta uso kwa ncha ya kilemba, akamtazama mkuu, halafu ile fomu yenye nukta ya wino.

"Yameishaje? Kesho watoto wanaingia mle au hawaingii?"

Mkuu alianza kulifunga faili.

"Basi hayajaisha," mhazili alisema. Akavuta kiti cha wageni, akaketi, akavaa viatu vyake kimoja kimoja kama mtu aliyefika kazini. "Ripoti ile niliichapa kwa vidole hivi. Najua mhandisi aliileta siku gani, najua bosi aliniambia niifute, na najua nilinyamaza, nikawa nakula mshahara na kumwangalia wifi yangu akienda kazini kila asubuhi kwenye jengo lile. Nimenyamaza vya kutosha. Nataka kutoa maelezo."

"Utakosa kazi, wifi," mwalimu alisema kwa sauti ndogo.

"Siitaki." Aligeuka kwao wote. "Nani anaandika?"

"Hakuna anayeandika," mkuu alisema. "Koplo, weka hiyo karatasi chini."

Koplo alikuwa karibu na meza kuliko Bi Hapana, na karatasi tupu ya maelezo alikuwa ameshaichukua. Alimtazama mkuu, akamtazama mhazili ambaye yeye mwenyewe alimcheka asubuhi. Karatasi hakuiweka chini. Alivuta kiti, akaketi mbele ya mhazili, akaifungua kalamu kwa meno.

"Sema taratibu, dada," alisema. "Safari hii nataka nisikie vizuri."